Mwenye Kipaji na Mwenye Funguo

Watu wa Bukoba na Muleba wanaotaka kuanzisha chuo cha ngoma, muziki au maigizo huniuliza swali lile lile: tumtafute msanii gani mwenye jina awe mkuu wa chuo? Hawaulizi kiwanja kitaandikwa kwa jina la nani. Hawaulizi nani atatia saini hundi, nani atamwajiri huyo mkuu, na nani ataweza kumwondoa akishindwa kazi. Wanaamini kwamba jina kubwa likishapatikana, mengine yatajipanga. Hayajipangi. Vyuo vya sanaa havifi kwa kukosa wasanii. Nchi hii haijawahi kupungukiwa na wasanii. Vinakufa kwa sababu siku ya ugomvi hakuna anayejua neno la mwisho ni la nani.

Kabla sijafika kwenye bodi na fedha, kuna upuuzi mmoja unaopendwa siku hizi ambao lazima uondolewe njiani. Huletwa na vijana waliosoma, tena kwa kujiamini: kwamba utawala ni mambo ya kigeni, na kwamba sanaa ya Mwafrika ilikuwa huru, haina ofisi wala daftari. Anayesema hivyo katika nchi ya Wahaya hajawahi kuuliza habari za kikale, yaani makao ya mfalme. Katika falme za Kiziba, Ihangiro, Kyamutwara na nyinginezo, koo zilikuwa na utumishi wake mbele ya Mukama, yaani mfalme, na ngoma za ufalme zilikuwa na watunzaji wake. Hazikupigwa na yeyote aliyejisikia mchangamfu siku hiyo. Mtezi, yaani mpigaji wa enanga, naye alikuwa na nafasi yake: alisikilizwa, alitunzwa, jina lake lilivuma, lakini ustadi wa vidole vyake haukumfanya mwenye ngoma za ufalme. Kipaji kilikuwa na kiti chake na mamlaka yalikuwa na kiti chake, na hakuna aliyeona kwamba kuvitenganisha ni kuidharau sanaa.

Jamaa wa upuuzi huo ni ule wa kipaji cha damu, kwamba mtoto wa mtezi huzaliwa mtezi na kwa hiyo chuo hakina cha kumfundisha. Enanga ni ubao uliochimbwa wenye nyuzi saba au nane, na hakuna kidole kilichozaliwa kikijua uzi upi unafuata upi. Profesa Mugyabuso Mulokozi, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kurekodi na kuchambua tendi za enanga, ameonyesha jinsi masimulizi kama ya Rukiza au Kachwenyanja yalivyojengwa kwa kanuni. Kanuni hujifunzwa. Watezi walizipata kwa kuwafuata watezi wengine, kusikiliza, kujaribu, kusahihishwa. Anayehubiri kipaji cha damu huku akitoza karo anawadanganya wazazi.

Sasa turudi kwa msanii mwenye jina. Mwaka 1843 Felix Mendelssohn, ambaye Ulaya nzima ilimfahamu, alianzisha shule ya muziki mjini Leipzig, Ujerumani. Jina lilikuwa lake, walimu wengi aliwavuta yeye, na yeye mwenyewe alifundisha. Lakini aliyekuja kuiongoza shule hiyo kwa miaka mingi, mpaka alipofariki mwaka 1881, alikuwa mwanasheria, Conrad Schleinitz. Shule ile bado ipo. Mendelssohn alifariki mwaka 1847, miaka minne tu baada ya kuifungua. Kama ingesimama juu ya mabega yake peke yake, ingezikwa naye.

Wanaodhani mfano huo ni wa mbali watazame Bagamoyo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, baada ya vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo kuvunjwa na baadhi ya wasanii wake kuwa walimu. Miongoni mwa waliokuwa hapo ni Hukwe Zawose, Mgogo mwenye zeze na marimba ambaye sauti yake ilifika hadi kwenye santuri za kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel huko Uingereza. Sijui msanii wa asili wa Tanzania aliyefahamika duniani kuliko yeye katika zama zake. Alifundisha, alipiga, alizunguka dunia. Ofisi ya mkuu wa chuo ilikaliwa na watu wengine, na Zawose hakupungukiwa na heshima hata chembe. Alipofariki mwaka 2003 taifa lilipoteza fundi mkubwa. Chuo kiliendelea kufundisha.

Mwaka 2007 chuo hicho kikawa wakala wa serikali kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa, na hapa ndipo watu wanaponakili bila kuelewa. Katika wakala, waziri husimamia sera, katibu mkuu wa wizara huangalia mwelekeo na utendaji, mtendaji mkuu huendesha kazi za kila siku, na bodi hushauri. Narudia: hushauri. Si bodi ya kuajiri na kufukuza kama ya kampuni. Muundo huo una mantiki kwa sababu juu ya bodi kuna wizara inayoweza kuamua. Nimeona katiba za vyuo vya watu binafsi mkoani kwetu zilizonakili maneno yale yale, bodi ya ushauri yenye wajumbe saba, mwenyekiti mstaafu mwenye heshima zake, na ukutani dira na dhamira katika fremu ya kioo. Bodi hiyo inamshauri nani? Waziri hayupo. Katibu mkuu hayupo. Kiti cha juu kiliachwa kitupu, mwanzilishi akakikalia, na siku akigombana na mhasibu, bodi itakunywa chai, itatoa ushauri, na itarudi nyumbani. Chuo kisicho na wizara juu yake kinahitaji bodi yenye meno: inayomwajiri mkuu kwa mkataba wa muda, inayopitisha bajeti, inayopokea taarifa ya mkaguzi wa hesabu kutoka mkononi mwa mkaguzi mwenyewe na si kupitia kwa mkuu anayekaguliwa.

Usajili sitaukalia sana. Cheti cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, hukufanya utambulike katika shughuli za sanaa. Hakikupi ruhusa ya kutoa astashahada na stashahada. Hiyo ni kazi ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET, ambalo hutaka mtaala, walimu wenye sifa na uongozi unaoeleweka. Anayekwambia cheti kimoja kinatosha kwa yote mawili hajawahi kuona mwanafunzi wake akikataliwa chuo cha mbele.

Kuna wanaosema dawa ya haya yote ni mfadhili. Zanzibar wana Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2001 na kufundisha taarabu, ngoma na kidumbaki katika jengo la zamani la forodha la Mji Mkongwe. Kazi yake ni ya kuheshimiwa, wanamuziki wengi wa visiwani wamepitia mikononi mwake. Mwaka 2019 kililazimika kutangaza kwamba huenda kikafunga milango kwa sababu fedha za wafadhili zilikuwa zimekauka. Ikiwa chuo chenye sifa ile kilifika pale, chuo kipya cha Kamachumu kisijidanganye kwa barua moja ya mfadhili wa miaka mitatu. Wengine husema: kanisa. Kwetu Kagera tuna mfano wa Ruhija, chuo cha Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, ambacho kimewafundisha muziki walimu wa kwaya kutoka sehemu nyingi za nchi. Nguvu ya muundo wa kanisa ni kwamba mkuu huja na kuondoka, na vikao vya dayosisi hubaki. Ugumu wake ni kwamba mwenye chuo ana pia hospitali, shule na sharika, na zeze likikaa meza moja na dawa za wagonjwa wakati wa bajeti, zeze ndilo litakaloambiwa lisubiri. Kanisa halina kosa katika hilo. Mkuu wa chuo anapaswa kulijua kabla ya kikao na kuja na chanzo chake cha mapato.

Nilikusudia sasa kueleza mapato, lakini siwezi kupita jambo la ardhi, kwa kuwa kwetu Bukoba hapo ndipo vyuo vingi vinapovunjikia. Mwanzilishi anajenga ukumbi wa mazoezi katika kibanja alichorithi kwa baba yake, katikati ya migomba, kwa michango ya watu. Anafariki. Ukoo unakuja na kusema: hiki ni kibanja chetu, makaburi yetu haya. Na ukoo hausemi uongo. Watu humjibu mjane au binti wa marehemu kwamba mwanamke hana kauli juu ya ardhi ya ukoo, na hilo ni potofu tangu mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alipoamua, katika kesi iliyoanzia Muleba, kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi inapingana na Katiba. Hukumu hiyo ilikuwa ushindi mkubwa, nami naitaja kila ninapopata nafasi kwa sababu bado wapo wazee wanaojifanya hawajaisikia. Lakini haiwezi kukiokoa chuo. Inahusu haki ya mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi. Haigeuzi kibanja kuwa mali ya chuo. Kinachofanya hivyo ni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, na hati ya kiwanja iliyohamishiwa kwa wadhamini hao mwanzilishi akiwa hai, mbele ya wanawe na wazee wa ukoo. Na wadhamini wasichanganywe na bodi ya chuo. Wadhamini hushika mali. Bodi huongoza kazi. Mtu mmoja akiketi kote kuwili na kuwa mkuu pia, tumerudi pale pale.

Basi twende stoo, maana mapato na hasara za chuo cha sanaa hukutana stoo. Bukoba hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu wa ziwa haumsahau mtu. Ngozi ya ng'ombe iliyowambwa kwenye ngoma hunyonya unyevu huo, hulegea, sauti huzama. Mpigaji huisogeza karibu na moto ikaze. Ikikazwa kwa pupa, ikalegea tena, ikakazwa tena, huchanika pembeni, pale inapopita kwenye vigingi. Chuo chenye ngoma 20 kinachohifadhi ala zake sakafuni, kwenye chumba kisicho na madirisha, kitawamba ngozi upya kila mara na kuita hiyo bahati mbaya. Au kitaita uchawi. Nimesikia kwa masikio yangu ngoma iliyopasuka usiku wa kuamkia tamasha ikisemwa kwamba imetupiwa kitu na kikundi pinzani, na fedha za wanafunzi zikatolewa kumlipa mtu wa kuizindika stoo. Kwa fedha zile zile fundi seremala angetengeneza chanja za mbao na kutoboa madirisha mawili yanayotazamana.

Lakini nusu ya ngoma zinazoharibika haziharibiwi na mvua. Zinatoka Ijumaa jioni. Mkuu wa chuo, msanii mwenye jina, ana kikundi chake cha pembeni, na kuna harusi Kemondo au Muleba mjini. Anachukua ngoma nne na wanafunzi sita, anarudi Jumapili usiku na ngoma tatu nzima na moja iliyochanika. Funguo ni zake. Nani atamuuliza? Mtunza stoo aliajiriwa naye. Mwalimu wa ngoma alikuwa naye harusini. Wanafunzi wamelipwa nauli na soda. Bodi ya ushauri itakaa Juni.

Kwa hiyo kazi ianzie kwenye leja, na leja ya ala haifanani na leja ya madawati. Kila ala ina namba iliyochomwa kwenye mti, isiandikwe kwa chaki. Kuna safu ya hali yake inapotoka na safu ya hali yake inaporudi, na neno "nzuri" halikubaliki katika safu hizo: andika ngozi imekaza au imelegea, kigingi cha ngapi kimetoka, uzi upi wa enanga umekatika. Kuna safu ya shughuli, na kama shughuli ni ya kulipwa, namba ya risiti ya malipo yaliyoingia kwenye akaunti ya chuo. Chuo kinaweza kumkodisha mkuu wake ngoma kama kinavyomkodisha mtu mwingine yeyote, kwa bei iliyopitishwa na bodi na kubandikwa mlangoni, na wanafunzi wakienda naye wapewe posho iliyoandikwa. Hakuna aibu katika hilo; wasanii lazima wale, na harusi za wikiendi zikiingizwa vitabuni zinaweza kulipa mshahara wa mtunza stoo na kubakiza fedha za ngozi mpya. Funguo ziwe seti mbili, moja kwa mtunza stoo, nyingine katika bahasha iliyofungwa kwa mweka hazina wa bodi. Mwisho wa kila muhula, kabla wanafunzi hawajapanda mabasi, ala zote zitolewe uani, zihesabiwe na zisomwe namba kwa sauti, na leja itiwe saini na watu wawili ambao mkuu wa chuo si mmoja wao.