Je, Wajua? Intaneti Haichagui Njia kwa Kilomita

Ilianzia kwenye leso za karatasi
Mwaka 1989, wakati wa chakula cha mchana mjini Austin, Texas, Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM walichora kwenye leso za karatasi jinsi mitandao itakavyojulishana njia. Ndiyo BGP hiyo! Hadi leo, ukituma picha kutoka Mtwara kwenda Toronto, yenyewe ndiyo inayoamua ipite kwa nani.

Pesa huitangulia njia fupi
BGP haina habari na kilomita. Huhesabu mitandao ya kupita, tena baada ya kutazama alama ya upendeleo anayoiweka mwenye mtandao. Kwa kawaida, njia ya kupitia mteja anayelipa hupewa alama ya juu. Kwa kuwa ukaribu hauhesabiwi, kukutana kwa mitandao jirani ni jambo kubwa. Kabla ya KIXP, kituo cha kukutanisha mitandao, kufunguliwa Nairobi mwaka 2000, barua pepe ya mtaa kwa mtaa jijini humo ilirushwa kwa setilaiti hadi ng'ambo, kisha ikarudishwa!

Mtandao huweza kujifanya uko mbali
Ukiwa na njia mbili, na moja ni ya gharama, unatangaza njia hiyo huku ukirudia namba ya mtandao wako mara mbili tatu kwenye orodha ya mitandao ya kupita. Wengine wataiona ndefu, wataikwepa. Mbinu tamu, lakini Februari 2009 ilitikisa dunia. Ruta ya mtandao mmoja mdogo wa Jamhuri ya Czech ilitaka kujua namba irudiwe mara ngapi. Ikaandikiwa namba ya mtandao yenyewe, 47868. Ruta ile haikuweza kuhesabu kupita 255, hivyo ikagawa kwa 256 na kushika kilichobaki: 252. Namba ikatangazwa mara 252 mfululizo! Ruta nyingi za zamani, katika nchi ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na mtandao huo, zikashindwa kuimeza orodha hiyo, zikawa zinakata mawasiliano na kuyaunganisha upya.

Ruta moja, njia karibu milioni
Ruta kubwa hukumbuka njia zaidi ya 900,000 za anwani za mfumo wa zamani pekee, na huchagua kufumba na kufumbua.

Pakistan iliwahi kuimeza YouTube
Tarehe 24 Februari 2008, Pakistan Telecom ilitaka kuwafungia YouTube watu wa nchini tu. YouTube ilikuwa imetangaza kundi la anwani 1,024. Pakistan ikatangaza 256 za humo humo, na tangazo likavuja kupitia kampuni ya Hong Kong. Ruta hufuata tangazo mahususi zaidi, kama tarishi anavyoamini namba ya nyumba kuliko jina la mtaa. Kwa saa mbili hivi, watazamaji wa dunia wakaelekezwa Pakistan. YouTube ilijiokoa kwa silaha ile ile: ikatangaza makundi madogo zaidi, ya anwani 128.