Kamera ya Mwanagenzi na Lenzi Yake

Miongoni mwa vyombo vinavyoweza kumfunza mtu kutazama, kamera ndogo ya dijitali yenye lenzi ya kuvuta, ile ambayo wauzaji huiita kamera ya zumu, ingali na nafasi ya heshima, ijapokuwa simu za mkononi zimeipokonya sehemu kubwa ya soko lake. Mwaka 2010 kampuni kubwa za kamera, ambazo nyingi ni za Japani, zilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Ilipofika mwaka 2023 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hata chini ya milioni 8. Atazamaye hesabu hizo peke yake atadhani kwamba kamera ndogo imekwisha zama zake, na kwamba ainunuaye leo anapoteza fedha. Mimi siafiki, kwa kuwa mtu anayeanza, mwenye fedha chache na hamu nyingi, hupata katika chombo hiki kitu ambacho simu yake ya bei ya chini haina, nacho ni lenzi inayokwenda mbele na kurudi nyuma kwa amri ya kidole chake.

Nitwae mfano mmoja, kamera iitwayo Kodak PixPro FZ45, ambayo hutolewa na kampuni ya JK Imaging ya California kwa idhini ya kutumia jina la Kodak, na ambayo kwa muda mrefu imeuzwa Marekani kwa dola 100 hivi. Ni chombo chepesi cha kutia mfukoni, chenye megapikseli 16, kioo cha nyuma cha inchi 2.7, betri mbili ndogo za AA zipatikanazo katika kila duka la mtaani, na lenzi inayovuta mara 4, yaani kutoka milimita 27 hadi milimita 108 kwa kipimo cha kamera za filamu ya milimita 35. Katika yote yaliyoandikwa juu ya boksi lake, hilo la mwisho ndilo lenye uzito, nalo ndilo ambalo wanunuzi wengi hulipita bila kulisoma, macho yao yakiwa yametekwa na idadi ya megapikseli.

Kuvuta picha kuko kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya lenzi yenyewe, iitwayo zumu ya optiki: vipande vya kioo vilivyomo ndani ya mwanzi wa lenzi husogea, vingine mbele na vingine nyuma, hata mwanga utokao katika sehemu ndogo ya mandhari ukatandazwa juu ya sensa nzima, yaani kile kibapa cha ndani kipokeacho mwanga, na kila pikseli miongoni mwa zile milioni 16 ikapata kazi ya kufanya. Namna ya pili ni zumu ya dijitali, ambayo haihusiani na lenzi kwa lolote. Hapo kamera huikata sehemu ya kati ya picha, huyatupa ya pembezoni, kisha huikuza ile iliyobaki ijaze nafasi yote, ikibuni kwa hesabu pikseli zisizokuwapo. Avutaye mara 2 kwa njia hii hubakiwa na robo ya pikseli zake, maana picha hupungua kwa upana na kwa kimo pia, na avutaye mara 4 hubakiwa na sehemu moja katika 16, hivyo zile megapikseli 16 alizozilipia zimekuwa moja tu. Kazi hiyo ya kukata yaweza kufanywa baadaye nyumbani, kwa utulivu, juu ya kompyuta au simu, bila ya hasara yoyote ya zaidi; kwa hiyo ikiwa kamera inaruhusu zumu ya dijitali izimwe, na aghalabu huruhusu, basi na izimwe siku ile ile ya kwanza, na isiwashwe tena. Simu nyingi za bei ya chini zina namna hii ya pili pekee, na hapo ndipo kamera ndogo huzishinda wakati wa mchana, mtu atakapo kupiga picha ya nahodha juu ya jahazi lililotia nanga mbali kidogo na ufuko, au ya mtoto wake uwanjani siku ya michezo ya shule.

Nimesema wakati wa mchana kwa makusudi. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeandika Kitab al-Manazir katika karne ya 11, alihoji kwa dalili madhubuti kwamba jicho halitoi nuru yake kwenda kuvigusa vitu, bali huipokea nuru itokayo kwavyo, na kamera nayo ni vivyo hivyo, haioni ila ilichopewa. Tundu la lenzi ya FZ45 likiwa katika upana wake wa mwanzo hupimwa f/3.0, na lenzi ikivutwa hadi mwisho hupimwa f/6.6, tafsiri ya hesabu hiyo ni kwamba aliyevuta hadi mwisho hupokea kama humusi tu ya mwanga aliokuwa akiupokea kabla ya kuvuta. Kamera, ili kufidia upungufu huo, huiacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi, na wakati huo huo mtikisiko wa mkono, ambao haukuonekana katika picha pana, sasa umekuzwa pamoja na kila kitu kingine. Wapiga picha wa filamu walikuwa na kanuni ambayo ingali sahihi, kwamba muda wa shata usiwe mrefu kuliko sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa kwa milimita za lenzi, yaani kwa milimita 108 usizidi 1/125 ya sekunde hivi, na jioni ndani ya chumba chenye taa moja muda huo haupatikani kwa urahisi. Fauka ya hayo, sensa ya kamera za aina hii ina upana wa milimita 6 na ushei na kimo kisichofika milimita 5, hata waweza kuifunika yote kwa ukucha wa kidole cha mwisho. Sensa ya kamera kubwa ya kitaalamu, ya milimita 36 kwa 24, huizidi eneo mara 30. Simu nzuri za leo hupiga picha kadhaa mfululizo kisha huziunganisha kwa hesabu, na usiku zitaishinda kamera hii. Ni haki mnunuzi ayajue hayo kabla ya kutoa fedha. Kwa arusi za usiku na maulidi ya barazani, chombo hiki hakitoshi, na flashi yake huangaza mita chache tu.

Lakini ipo faida ya lenzi ya kuvuta ambayo wanagenzi hawaambiwi, nayo kwangu ni kubwa kuliko faida ya kuvileta karibu vitu vya mbali. Mtu akisimama hatua moja mbele ya mwenziwe na kumpiga picha kwa lenzi pana ya milimita 27, pua huonekana kubwa, masikio hurudi nyuma, na uso mpole ukageuka kuwa mgeni hata kwa mwenyewe. Wala hilo si kosa la lenzi, ni kosa la mahali aliposimama mpiga picha, kwa maana pua iliyo karibu sana na kamera huizidi kwa mbali sehemu nyingine ya uso. Akirudi nyuma hatua tatu au nne, kisha akaivuta lenzi hadi milimita 80 au zaidi, uso huo huo hukaa katika nisba yake ya asili, na vilivyo nyuma yake, mlango wa nakshi, ukuta wa mawe, au miti ya mikarafuu, husogea karibu na kuwa vikubwa zaidi ndani ya picha. Lenzi ya kuvuta, basi, humpa mpiga picha uhuru wa kuchagua kwanza mahali pa kusimama, na baada ya hapo kuchagua ni kiasi gani cha dunia kiingie katika picha, na mambo hayo mawili yalikuwa yamefungamana katika kamera zenye lenzi moja isiyosogea. Mwanagenzi afanye mazoezi haya kwa jamaa yake aliye tayari kusimama kwa nusu saa: ampige akiwa karibu kwa upana, kisha ampige kutoka mbali kwa kuvuta, uso ukiwa na ukubwa ule ule ndani ya picha zote mbili, halafu aziweke picha hizo ubavu kwa ubavu. Hakuna kitabu kitakachomfunza somo hilo kwa wepesi kama huo.

Kamera ya bei ndogo kwa watu wa kawaida si jambo geni. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilitoa kamera ya boksi iitwayo Brownie kwa dola moja, na kamera za jina hilo zilienea dunia nzima kwa miongo mingi. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyelelewa Dar es Salaam, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia, alianza kwa Box Brownie. Walakini zama hizo kila picha ilikuwa na gharama yake, kwa filamu na kwa kusafisha, na wengi wa pwani hawakuwa na picha zao ila walizopigwa katika studio, kama ile ya Capital Art Studio ya Unguja iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Kilichouondoa mzigo huo kilitoka katika kampuni ile ile ya Brownie: mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi kijana wa Kodak mjini Rochester, aliunda kamera ya dijitali yenye uzito wa kilo 3.6 hivi, iliyohitaji sekunde 23 kuandika picha moja ya pikseli 10,000 juu ya kanda ya kaseti. Leo memori kadi moja ya GB 32 hubeba maelfu ya picha, na anayejifunza aweza kukosea mara mia kwa siku bila kulipa hata senti moja.

Tukirudi kwenye lenzi ya FZ45, kwa ndege na wanyama wa mbugani mara 4 zake hazitoshi, na mwenye azma hiyo atafute kamera za ukoo mwingine, kama PixPro AZ405 inayovuta mara 40, au Nikon Coolpix P1000 ya mwaka 2018 inayovuta mara 125, hadi milimita 3,000, ambayo ina uzito wa kilo 1.4 na bei isiyo ya mwanagenzi.

Betri za AA ni neema kwa asafiriye mahali pasipo umeme, lakini zile za kawaida huisha upesi. Afadhali kununua seti mbili za betri za kuchajiwa za aina ya NiMH pamoja na chaja yake. Memori kadi inunuliwe kwa muuzaji mwenye kuaminika, kwa kuwa kadi bandia ni nyingi, hudai nafasi zisizonayo, na hufuta picha za zamani pasipo kutoa ilani. Na sisi wa pwani tuna adui wawili zaidi. Mchanga ukiingia katika mwanzi wa lenzi huizuia isitoke wala isirudi, na kuilazimisha kwa mkono ni kuivunja. Unyevu nao huotesha kuvu juu ya kioo cha lenzi, kuvu isiyotoka kwa kitambaa. Kamera ilale ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Lenzi ya kuvuta pia humwezesha mtu kumpiga mwenziwe picha kutoka mbali bila yeye kujua, na hilo halijuzu. Idhini huombwa kwanza, kwa salamu na kwa taadhima, hasa kwa wanawake na kwa wazee, na akikataa mwenyewe, kamera irudi mfukoni.

Ajaye kununua, awe Kariakoo, Darajani, au Luthuli Avenue ya Nairobi, na hasa anunuaye ya mtumba, aende na betri zake na kadi yake. Aiwashe kamera mbele ya muuzaji, aivute lenzi hadi mwisho na kuirudisha mara kadhaa huku akisikiliza kama mota inakwaruza, kisha apige picha ya ukuta mweupe kwa upana na kwa kuvuta, na aitazame kwa kuikuza juu ya kioo: madoa yasiyohama kutoka picha moja hadi nyingine ni vumbi au kuvu iliyomo ndani. Na ikiwa muuzaji hataki kamera yake ijaribiwe, maduka ni mengi, aende la pili.