Asumini Hutaka Mkasi

Malalamiko tunayoyasikia mara kwa mara kutoka kwa wenye asumini uani ni haya: mti umeshiba majani, lakini maua hautoi. Wapo wanaofika kusema kwamba umepigwa jicho. Aghalabu kilichoupata ni huruma ya mwenyewe, anayeogopa kuukata.

Asumini, ambayo wengine huiita yasmini, huchanua kwenye ncha za machipukizi mapya. Tawi kongwe lisilokatwa hurefuka tu na kujaza majani. Basi, kabla ya masika, tuseme mapema mwezi wa Machi, chukua mkasi mkali ukipunguze kichaka hadi kimo cha goti, uyaondoe matawi makavu na yaliyosongamana katikati. Kwa wiki kadhaa kitakuwa kama kilichokufa, na watu wa nyumbani watakulaumu. Subiri mvua. Kila msimu wa maua ukipita, kata ncha tena.

Mti upate jua zaidi ya nusu ya siku. Samadi iwe ya mbuzi iliyooza barabara. Samadi nyingi ya kuku huzidisha majani yale yale unayoyalalamikia.

Katika visiwa vya Mombasa na Lamu kuna tatizo la ardhi. Udongo wa matumbawe una chokaa nyingi, hata jani likawa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, kwa kuwa mizizi haipati madini ya chuma. Dawa yake ni chungu kikubwa kilichotobolewa chini, chenye udongo mwekundu na samadi. Maji ya visima vyetu nayo mengi yana chumvi, na kingo za majani huungua. Kinga maji ya mvua. Maji ya udhu yakingwe kwenye karai pia: katika madhehebu yetu ya Shafi, yaliyokwisha kutumika ni safi ingawa hayatoharishi tena, na kuyamwagia mti hakuna ubaya. Lakini mtu asifungulie mfereji kupita kiasi akisingizia asumini yake. Huo ni israfu.

Mti huu kwetu ni nadra kuzaa mbegu. Huendelezwa kwa vipande. Kata tawi lililokomaa, urefu wa shibiri moja, uondoe majani ya chini, ulichomeke penye kivuli wakati wa mvua. Kwa hiyo asumini iliyotoka kwa bibi yako ni mti ule ule wa bibi, si mtoto wake. Nasi tunaona nyumba za urithi zikiuzwa: warithi hugawana hata milango ya nakshi, na asumini ikazolewa pamoja na kifusi. Chukueni vipande kabla mnunuzi hajaleta tingatinga. Vinavyozidi, wapeni majirani. Mtume (s.a.w.) alitufunza tusikatae rihani tunapopewa, na wanazuoni wameingiza humo kila mmea wenye harufu nzuri.

Wa kuchuma achume baada ya alasiri, tumba likiwa limevimba na kuwa jeupe lakini bado limefumba. Litungwe au lifungwe kikuba papo hapo, kisha lifunikwe kwa kitambaa kibichi. Usiku ukiingia litafunguka lenyewe. Ukingoja hadi asubuhi, utakuta maua yamekwisha kudondoka chini ya mti.