Kupanda Nile hadi Kabalega

Wageni wengi huuliza maporomoko ya Kabalega yako wapi hata kabla boti haijaondoka Paraa, hapa Uganda. Subirini! Kuna kilomita kama 17 za kupanda mto, na mkondo unatusukuma nyuma muda wote. Kwangu mimi utamu uko hapo njiani: viboko wamejazana ukingoni wakikoroma, mamba wameachama midomo ili wapunguze joto, mara tembo hao wanashuka kunywa.

Kisha mapovu meupe yanaanza kutupita. Yametoka juu, pale Mto Nile unapojibana kwenye ufa wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi, halafu ukaanguka mita 43. Bana mpira wa kumwagilia bustani kwa kidole gumba, utaelewa nguvu ile inatoka wapi. Boti haifiki chini ya maporomoko. Maji ni makali mno, kwa hiyo nahodha husimama mbali kidogo. Anayetaka kulowa ashuke, apande kilima kwa miguu.

Mvumbuzi Mwingereza Samuel Baker alipofika mwaka 1864 aliyaita maporomoko hayo Murchison, kwa heshima ya bwana mmoja mkubwa wa jiografia kule London ambaye hakuwahi kuyaona. Enzi za Idi Amin yakapewa jina la Kabalega, mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza. Nami nalishikilia hilo. Kabla ya hapo, mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalichimba njia ya pili ya maji pembeni. Uganda ilikuwa inaanza kujitawala, basi njia hiyo ikaitwa Uhuru.