Ubora wa tochi u katika swichi yake

Yapo mambo ambayo waandishi wa safu kama hii hupendelea kuyajadili kwa kuwa ni makubwa: katiba, bei ya mahindi na mivutano ya wanasiasa. Sina ugomvi na mambo hayo. Hata hivyo, leo nawaomba wasomaji waniwie radhi nizungumzie jambo lisilozidi upana wa ukucha, nalo ni swichi ya tochi. Udogo wake umetufanya tulipuuze, ilhali gharama ya kulipuuza hulipwa usiku, tena aghalabu hulipwa na watu ambao mchana hawana pa kupeleka malalamiko yao.

Hapa Dundori, upande huu wa Nakuru unaoinuka kuelekea Ol Kalou, kazi haingoji jua. Ng'ombe wa maziwa hukamuliwa kungali giza ili maziwa yaliwahi gari. Magunia ya viazi na kabichi hupakiwa malorini alfajiri ili yafike sokoni mapema. Mlinzi wa duka huzunguka usiku kucha, na mama humwamkia mtoto aliyeshikwa na homa. Ukungu hutanda, vidole hufa ganzi kwa baridi, na mvua ikinyesha njia zote hugeuka tope. Ijapokuwa nguzo za stima zimefika vijiji vingi, stima hukatika, na hata isipokatika haimfuati mtu zizini wala haimsindikizi njiani. Kwa hiyo tochi ingali chombo cha lazima, sawa na jembe na panga.

Ajabu ni kwamba jembe hatulinunui kabla ya kulipima mkononi, lakini tochi tunainunua kwa macho. Siku moja sokoni nilimsikiliza kijana mchuuzi akimsifia mzee mmoja bidhaa yake.

"Mzee, hii ni kali, inamulika mpaka Menengai!"

"Na nikiwa na ndoo mkono mmoja, kijana wangu, nitaiwashaje?"

"Si unabonyeza tu, mzee. Mara ya kwanza ni kali, ya pili ni hafifu, ya tatu inametameta, ya nne inazima."

Mzee aliigeuza tochi ile mara mbili, akairudisha mezani taratibu, akaenda zake. Mchuuzi alidhani ameshindwa na bei. Mimi naamini mzee yule aliuliza swali ambalo wengi wetu hatuulizi.

Nakuru si mgeni katika habari hizi. Kampuni ya Eveready, iliyoanzishwa nchini mwaka 1967, ilitengeneza mjini Nakuru betri zenye nembo ya paka, ambazo watu wa huku tulizoea kuziita mawe. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2014, baada ya kulemewa na betri za bei nafuu kutoka ng'ambo. Enzi za mawe hayo, tochi ya kawaida ilikuwa bomba la bati lenye kisukumizo ubavuni. Ukikisukuma mbele mwanga unawaka, ukikirudisha nyuma unazima. Nyingi zilikuwa pia na kitufe kidogo cha kubonyeza: ukikigandamiza mwanga unawaka, ukikiachilia unazima papo hapo. Mwanga wake ulikuwa hafifu, na kwa hilo siwezi kuwadanganya wasomaji kwamba ya kale yote yalikuwa dhahabu. Hata hivyo, hapakuwa na mtoto wala ajuza aliyehitaji kufundishwa namna ya kuiwasha, na kidole kilijua kwa kugusa tu kama tochi imewashwa au imezimwa.

Kitufe hicho cha kugandamiza kina asili ndefu. Mnamo Januari 10, 1899, David Misell, Mwingereza aliyekuwa akiishi New York, alipewa hataza nchini Marekani kwa ajili ya tochi ya bomba iliyotiwa betri tatu, balbu na kiakisi cha shaba. Betri na balbu za siku hizo zilikuwa dhaifu, hazikuweza kuwaka kwa muda mrefu. Mtumiaji alibonyeza, akapata mwanga wa kitambo kidogo, kisha akaachilia ili betri ipumzike. Ndiyo maana jina ambalo Wamarekani wamekipa chombo hiki hadi leo lina maana ya mwanga wa mmweko. Baadaye betri ziliimarika na nyuzi za balbu zikawa bora, na hapo swichi ya kuwasha na kuacha ikawa na maana. Kumbe tangu mwanzo swichi ilibuniwa kwa kuzingatia hali halisi ya matumizi, haikubandikwa tu pale palipobaki nafasi.

Tukitazama tochi za leo, tutaona kwamba mahali pa swichi ndipo panapoamua jinsi mkono utakavyoishika. Ikiwa ubavuni, karibu na kichwa cha tochi, mtu huishika kama anavyoshika mpini wa jembe, mkono ukining'inia, kidole gumba kikiwa juu ya kitufe. Huu ndio mshiko wa mtu anayetembea. Lakini bomba likiwa la mviringo na kitufe kikiwa kimelingana kabisa na ngozi ya tochi, gizani mwenyewe ataizungusha mara mbili tatu akikitafuta. Dawa yake ni rahisi: kitufe kiinuke kidogo au kizungukwe na ukingo, au ubavu mmoja wa bomba uwe bapa ili kidole kipate alama. Maglite, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1979 na kupendwa sana na polisi wa huko, ina kitufe chake ubavuni karibu na kichwa, mahali ambapo kidole gumba hukifikia bila kusaka.

Swichi ikiwa kitakoni, mshiko hubadilika. Tochi huinuliwa usawa wa bega, na kidole gumba hukaa nyuma yake. Kwa mlinzi anayetaka kummulika mtu ghafla kisha kuzima, hapana mahali bora kuliko hapo, maana kitako hakihitaji kutafutwa gizani. Lakini mpe tochi hiyo mama anayeteremka kwenye utelezi akiwa na ndoo, naye atalazimika kugeuza mshiko kila anapotaka kuwasha au kuzima. Isitoshe, kitufe kikichomoza kitakoni, tochi haiwezi kusimama wima mezani ili kumulika dari stima inapokatika. Kuna pia aina inayowashwa kwa kuzungusha kichwa chake. Hiyo ni madhubuti, haijiwashi ovyo mfukoni, ila yataka mikono miwili. Mwenye mtoto mgongoni, ndoo mkono mmoja na kamba ya ng'ombe mkono wa pili hana mkono wa tatu.

Wanaokamua alfajiri wamegundua manufaa ya tochi ya kichwani, nami nawapongeza. Mikono yote miwili hubaki huru. Lakini hapo pia swichi hudai heshima yake. Imekaa juu ya paji la uso, mwenyewe haioni, na vidole vyake vina maziwa au tope. Kitufe kidogo kama punje ya mtama hakimfai. Anahitaji kikubwa, kigumu kiasi cha kuhisiwa hata na kidole kilichokufa ganzi, na kinachowasha kwanza mwanga hafifu usiomshtua ng'ombe.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kiini cha lawama yangu. Tangu taa za LED zienee, kiwanda kinaweza kuipa tochi moja hali nyingi kwa gharama ndogo: mkali, wa kadiri, hafifu, wa kumetameta, na hata wa kuashiria hatari. Hali zote hizo zimefungwa kwenye kitufe kimoja, na mara nyingi mfuatano wake huanza na mwanga mkali kabisa. Mwenye kuamka usiku kumtazama mtoto hupigwa na mwanga huo machoni, wakati jicho la binadamu huhitaji takriban nusu saa kulizoea giza. Sekunde moja ya mwanga mkali huiharibu kazi ya nusu saa, na akizima hujikuta kipofu zaidi ya alivyokuwa. Kisha ili azime, sharti apitie kwenye kumetameta. Mlinzi anayetaka kuzima taa yake asionekane hulazimika kwanza kumpepesea adui ishara kama dereva aombaye njia. Je, ni nani aliyeomba huduma hiyo?

Kosa la pili ni la kitufe chepesi kupita kiasi. Tochi hutiwa mfukoni au mkobani, ikagusana na funguo, ikajiwasha bila mwenyewe kujua, naye anapoihitaji hukuta betri imekwisha. Wazee wetu walikuwa na dawa ya kugeuza jiwe moja ndani ya bomba wakati wa safari ili umeme usipite. Kwa tochi nyingi za kisasa za alumini, kulegeza kifuniko cha kitako kidogo tu hutosha. Ni maarifa mazuri, lakini yanaonyesha kwamba mtumiaji ndiye anayetengeneza kile kiwanda kilichokiacha bila kukamilisha.

Isidhaniwe kwamba jambo hili haliwezekani kufanywa vizuri kwa bei ya mtu wa kawaida. Simu ya Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 200 duniani, ilikuwa na tochi kichwani. Mtu alishikilia kitufe kimoja nayo ikawaka, akiachilia ikazima, na akikibonyeza mara mbili ilibaki imewaka. Kidole kilikipata kitufe hicho kwa kupapasa. Ile hekima ya zamani ya kugandamiza na kuachilia ilirejea ndani ya simu ya mkononi, na maelfu ya wanavijiji waliielewa bila kusoma kijitabu. Linganisha na simu nyingi za leo zenye kioo kitupu. Mwenye kidole kilicholowa maji ya mvua hukitelezesha kioo mara tatu, nacho kikakataa kumtambua.

Kuna atakayesema kwamba nakuza jambo. Namkumbusha kwamba katika kaunti yetu hii ya Nakuru, Mei 9, 2018, bwawa lilipasuka usiku huko Solai na kuua watu zaidi ya 40. Aprili 29, 2024, kabla ya mapambazuko, mafuriko yaliwasomba watu huko Mai Mahiu na makumi wakapoteza maisha. Sisemi kwamba tochi ingeyazuia maji yale. Nasema kwamba maafa huwa hayachagui mchana, na mtu aliyegutushwa usingizini na mngurumo hana utulivu wa kuhesabu amebonyeza mara ngapi. Hofu huondoa ustadi wa vidole. Chombo cha dharura kinapaswa kumtii aliyechanganyikiwa, sawa na kinavyomtii aliyetulia dukani.

Mwingine atasema kwamba maskini hana uchaguzi, hununua kilichopo. Hoja hiyo ina uzito, lakini inawaelemea wauzaji zaidi ya wanunuzi. Kupanga mwanga hafifu uje kwanza hakuongezi bei ya shaba wala ya plastiki. Kuzungushia kitufe ukingo ni suala la umbo la kalibu. Kinachokosekana ni mtu wa kudai. Hata vipimo vinavyotajwa kwenye maboksi havimsaidii mnunuzi hapa. Kanuni iliyotolewa Marekani mwaka 2009, ambayo viwanda vingi duniani huifuata, hupima wingi wa mwanga, umbali unaofika, muda wa kuwaka, ustahimilivu wa kuanguka na wa maji. Hayo yote ni mema, ila kanuni hiyo haiulizi kama kidole kitaipata swichi gizani. Kwa kuwa swichi haipimwi, haitangazwi, na kwa kuwa haitangazwi, viwanda havishindani juu yake.

Basi, hadi wakaguzi wetu wa ubora wa bidhaa watakapolifikiria hilo, napendekeza mnunuzi awe mkaguzi mwenyewe. Akiwa dukani, na afumbe macho, aipokee tochi vyovyote itakavyokaa mkononi, kisha aone kama ataiwasha kwa mkono mmoja bila kuigeuza mara mbili. Na aijaribu kwa mkono wa kushoto pia, kwani wa kulia huenda ukawa na ndoo. Na aulowanishe mkono, au avae glavu ikiwa anazo, arudie jaribio. Na ahesabu ni mara ngapi atabonyeza kabla ya kuzima. Mwisho, na aitie mfukoni, atembee hatua chache, atazame kama ingali imezimwa. Majaribio hayo hayachukui dakika mbili, wala hayahitaji digrii.

Nawasihi pia wenye kuagiza bidhaa hizi kutoka ng'ambo wawapelekee watengenezaji habari za Dundori: baridi yake, tope lake, ndoo zake na saa zake za kazi. Anayechora tochi mezani penye taa nne hawezi kuyajua haya asipoambiwa. Nao wanunuzi wakiiga mfano wa yule mzee, wakaziacha mezani tochi zisizofaa, ujumbe utafika kiwandani upesi kuliko barua yoyote, kwa maana bidhaa isiyonunuliwa hakuna mfanyabiashara asiyeisikia.