Ati Ndai Inajiendesha? Kabla Uongeze Laki na Nusu Pale Yadi, Soma Hii

Kuna sentensi moja siku hizi ukiingia yadi ya magari hapa Nakuru lazima uisikie: "Boss, hii ndai inajiendesha." Broka anaisema akigonga kioo cha mbele na kidole, pale juu karibu na kioo cha kuangalia nyuma, penye kuna vijicho viwili vyeusi vya kamera. Halafu anataja bei. Halafu anakuonyesha Fielder imepaki kando, mwaka uleule, laki na nusu chini. "Hiyo ni ya kawaida," anasema, kama anakuonea huruma.

Hiyo ndiyo hesabu binamu yangu alinipigia simu nayo. Yeye ni dere wa teksi ya app. Miaka minne amekuwa akiendesha gari ya mwenyewe, kila jioni anampelekea mtu target, na sasa sacco imemkubalia loan anunue yake. Laki na nusu kwake si doo ya kuchezea. Ni bima ya mwaka na tairi nne, na anaweza baki na ya fuel. Akaniuliza, "Wewe ndiye hushinda kwa intaneti. Hiyo kitu inafanya kazi huku ama ni mchezo wa mabroka?"

Nikasoma, nikauliza mafundi wawili, halafu tukaichukua ile Subaru road test mpaka Naivasha na kurudi, broka akiwa amekaa nyuma. Jibu fupi ni hili: lipia breki, usilipie usukani. Na hata hiyo breki, pengine huna haja ya kuongeza hata soo.

Tuanze na uongo wenyewe. Hakuna gari inayojiendesha kwa yadi yoyote ya Nakuru. Wenye kuunda magari wana ngazi zao, kutoka 0 mpaka 5. Sifuri ni ile Probox ya kubeba waru kutoka Molo, ambayo hata taa ya breki ni bahati. Tano ni gari unaingia, unalala, inakupeleka popote, mvua ama vumbi, na hiyo bado haijauzwa popote duniani. Ngazi ya 4 iko: kampuni ya Waymo inabeba abiria bila dere Phoenix na San Francisco, lakini ni kwa maeneo imeyachora kwa ramani, na gari ni za kampuni. Ngazi ya 3 Honda waliijaribu Japani mwaka 2021 na Legend, wakatoa gari 100 tu, tena za kukodisha.

Zile zinatua Mombasa na kupanda mpaka huku ni ngazi ya 1 na ya 2. Subaru wanaiita EyeSight, ilianza Japani 2008. Toyota wana Safety Sense, ya 2015. Nissan wana ProPilot, waliileta na Serena mwaka 2016. Kulingana na toleo, zinafanya vitu vinavyofanana. Moja, zinakushikia breki zikiona unaenda kugonga. Mbili, krusi inayofuata gari ya mbele: ikipunguza mwendo, yako pia inapunguza. Tatu, zinasaidia usukani usitoke kwa laini. Kwa zote, dere ni wewe. Ukigonga, karao hataandika jina la kamera.

Na usidhani ni sisi tu tunauziwa ndoto. Kule Marekani, Tesla walikuwa wanauza programu yao ya "kujiendesha kikamilifu" na mwaka 2022 bei ikafika dola 15,000, karibu milioni mbili za huku. 2024 wakaishusha mpaka dola 8,000, na kwa jina lenyewe wakaongeza neno la kusema lazima dere asimamie. Wasee walikuwa wamelipa tayari.

Sasa barabara. Tulitoka town asubuhi. Tukifika Lanet, nduthi imebeba magunia mawili ya kabeji ikakata mbele yetu bila indiketa, bila hata kuangalia. Binamu alikuwa bado anasema "manze" wakati gari ililia pi-pi-pi, maandishi mekundu ya Kijapani yakatokea, na breki ikashika yenyewe. Tukasimama na nafasi ya kama hatua mbili. Nduthi haikujua chochote, ikaendelea na kabeji zake. Ndani ya gari kulikuwa kimya, halafu broka akasema kutoka nyuma, "Si niliwashow?"

Na hapo ako sawa. Hii sehemu ya breki imepimwa. Taasisi ya bima ya Marekani inayochunguza usalama barabarani, IIHS, ililinganisha gari zenye breki ya aina hiyo na zile hazina, ikapata ajali za kugonga mwenye yuko mbele zinapungua kwa asilimia 50. Ukiwa dere wa teksi, siku nzima uko kwa foleni ya Kenyatta Avenue ukiangalia simu mteja ako wapi, hiyo nusu ni kazi yako, ni bampa yako, ni ugomvi hujapigana.

Lakini ina mipaka. EyeSight ya kuanzia 2014 inaweza kuzuia ajali kabisa kama tofauti ya mwendo kati yako na kitu cha mbele ni kama kilomita 50 kwa saa. Ukiwa kwa 110 na mbele kuna trela imesimama bila taa, itakupunguzia kishindo tu. Pia haioni matuta. Kamera inatafuta magari, watu na baiskeli. Tuta lisilopakwa rangi kwake ni barabara tu. Punda wa Naivasha na pundamilia wa kuvuka highway hawako kwa mtihani aliosomea.

Na usiku? Hii ndiyo iliniuma. IIHS hao hao mwaka 2022 walisema breki ya kuona watu inapunguza ajali za kugonga wanaotembea kwa asilimia 27, lakini kwa giza, mahali hakuna taa za barabarani, hawakuona tofauti yoyote. Fikiria sasa Mbaruk saa mbili usiku, ama Kikopey, wasee wanatoka kula nyama wakivuka barabara na nguo nyeusi. Kenya mwaka 2024 watu 4,748 walikufa barabarani kulingana na NTSA, na wengi zaidi walikuwa wanaotembea kwa miguu. Mwaka 2018 kule Tempe, Arizona, gari ya majaribio ya Uber, yenye kamera na rada na kila kitu, ilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa anavuka usiku akisukuma baiskeli. Yule wa kuisimamia alikuwa anacheki simu.

Tukirudi kwa usukani, hapo ndipo laki na nusu inaanza kunuka. Usukani unasaidiwa na laini nyeupe. Hapa kwetu kuna mahali laini zimefutika, mahali zimefunikwa na mchanga, na mahali barabara inapanuliwa ziko mbili, ya zamani na ya muda, na zinapingana. Kati ya Gilgil na Naivasha ilishika laini kama dakika kumi hivi, tukafurahi kama watoto. Halafu laini ikapotea, alama ikazima bila kelele, na gari ikaanza kuelea polepole upande wa shimo. Kama binamu alikuwa amejiachilia, hadithi hii ingekuwa fupi.

Krusi ya kufuata ndiyo ilinichekesha. Inaacha nafasi nzuri mbele, na nafasi nzuri mbele huku inaitwa parking ya mathree. Mat moja inaingia, gari inashika breki, lori ya nyuma inakupigia honi. Mat ingine inaingia. Baada ya ya tatu binamu aliizima mwenyewe. Ukungu ukishuka kule Kinungi, ama jua la jioni likupige kwa uso ukirudi Nakuru, kamera nayo inaandika kwamba imepumzika kwa muda. Yaani mahali unaihitaji sana ndipo inaenda lunch.

Na hii si chuki ya Nakuru. Mwaka 2024 IIHS walitafuta kama gari za kusaidia usukani na krusi, ProPilot ikiwemo, zinapunguza ajali. Hawakupata ushahidi wa kutosha. Breki inaokoa, ule usukani ni starehe tu. Starehe si mbaya, lakini usiilipie na loan ya sacco.

Kuna kitu kingine lazima kisemwe ukiwa wa huku. Ukitoka Nakuru kuelekea Mau Summit unapita Salgaa, Migaa, Sachangwan. Sachangwan mwaka 2009 tanki la mafuta lilianguka na kushika moto, zaidi ya watu 100 wakafa. Migaa, usiku wa kuamkia 31 Desemba 2017, basi na lori ziligongana, watu 36. Londiani Junction, 30 Juni 2023, lori lilitoka barabarani likapita juu ya wachuuzi, mat na nduthi, zaidi ya watu 50. Kila familia ya huku ukisema Salgaa kuna jina linatajwa. Yetu pia iko nalo.

Kwa hizo zote, hatari ilikuwa ni chuma cha mtu mwingine. Breki ya gari yako haiwezi kumsimamisha dere wa trela ambaye breki yake imeisha kwa mteremko. Kamera yako inaangalia mbele, na lori linakuja kutoka nyuma ama kando. Kwa hiyo broka akikuambia "na hii hata Salgaa uko safe," muulize safe kutoka kwa nani.

Halafu matengenezo, kitu hakuna mtu anakuambia. Beste yangu mmoja ako na ndai ya EyeSight. Jiwe la lori likapasua kioo cha mbele karibu na Gilgil. Akaenda kwa duka moja, akawekewa kioo cha bei rahisi, kamera zikarudishwa na kubandikwa vile zilikuwa. Wiki hiyohiyo taa ya manjano ikawaka na haikuzima. Shida ni kwamba kamera mbili zinapima umbali kama macho yako mawili. Kioo kikiwa na wimbi kidogo, ama kamera ikiinama kidogo, hesabu inaharibika. Lazima zipangwe upya na mashine. Fundi wa duka akamwambia dawa ni kuziba ile taa. Sasa anaendesha gari yenye alilipia macho, na ni kipofu.

Ukiinua gari juu ya matuta, ukiweka tairi kubwa, ukibandika stika ama tint pale juu ya kioo, umeisumbua. Kwa Toyota zenye rada, rada yenyewe inakaa nyuma ya ile beji ya mbele, ndiyo maana hiyo beji ni laini kama kioo cha simu. Wakiiba, usiende kununua ingine ya kung'aa ya mia tano ukidhani umesort. Hiyo inaifunga rada macho.

Sasa ile siri ya bei. Sheria ya Kenya ni gari isizidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, na kwa mwaka huu wa 2026 hiyo ni ya 2019 kuja mbele. Na kufika wakati huo Wajapani walikuwa wanaweka breki ya kujishika kwa gari nyingi mpya, hata ndogo. Kuanzia Novemba 2021 serikali yao ikaifanya lazima kwa modeli mpya. Yaani unachouziwa kama dhahabu huko kwao ni kama mkanda wa kiti. Si ziada. Imekuja na gari.

Tuliporudi yadi nilienda moja kwa moja kwa ile Fielder "ya kawaida." Nikainama, nikaangalia juu ya kioo cha mbele. Kulikuwa na kijisanduku cheusi, kamera moja na leza. Safety Sense. Toleo la kwanza la Toyota la magari madogo lilikuwa linaona magari tu, si watu, kwa hivyo kwa nduthi za Lanet Subaru inaishinda, hiyo lazima niseme. Lakini breki ya foleni iko. Tukawasha, taa zote zikawaka halafu zikazima vile inafaa. Tukacheki kama kioo ni kile cha kutoka kiwandani. Chapa yake ilikuwa sawa na ya vioo vya milango. Binamu akamuuliza broka kama alijua hiyo kitu iko hapo.

"Hiyo si ya kuzuia jua?" akauliza.

Aliichukua kwa ile bei ya chini, na elfu ishirini zikashuka tena juu redio haishiki stesheni za huku. Jana alinitumia voice note kutoka Section 58: gari imemfokea kwa Kijapani, hajui imesema nini, lakini alikuwa karibu sana na mathree.