Mjukuu Akizuiwa, Bibi Afanye Nini?

(Muziki, kisha sauti inashuka)

MTANGAZAJI: Mmekosana na mwanao hapa Bujumbura, naye amekataza wajukuu wasije kwako. Je, una haki ya kuwaona?

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Burundi imeuridhia, unasema haki ni ya mtoto mwenyewe. Kifungu cha 8 kinalinda jina lake na uhusiano wake na familia. Cha 12 kinataka asikilizwe. Mtoto aliyezaliwa ukimbizini, nani atamtajia ukoo na kijiji chao kama si bibi?

Basi mzee, usianze na "mimi nilikuzaa". Usimvizie mtoto shuleni. Tuma mtu mnayemheshimu nyote: mushingantahe wa mtaa au mjumbe wa kamati ya wakimbizi. Omba kidogo: saa moja Jumapili, nyumbani kwao. Ukipewa, usiwaseme wazazi wake.

Nawe mzazi, kama mzee alimdhuru mtoto, mlinde, uwaeleze wahudumu wa ulinzi wa watoto. Lakini kama ugomvi ni wa pesa au mahari, mtoto hana deni.

Kwaherini.

(Muziki)